Uzi: Hal Moore, kanali aliyekuwa wa kwanza kushuka vitani na wa mwisho kuondoka, na mkewe Julia aliyezifuata teksi za misiba

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za jioni. Leo nawaletea maisha ya mzee mmoja wa Kimarekani, Luteni Jenerali mstaafu Hal Moore, aliyefariki tarehe 10 Februari 2017 akiwa kabakiza siku tatu tu atimize miaka 95. Wengi mmeiona ile sinema ya 2002 Mel Gibson kaigiza kanali yuko Vietnam, basi yule kanali ni mtu kweli na ndo huyu. Ila sinema imejikita zaidi vitani, na mimi kadri ninavyomsoma huyu mzee naona ile vita ilikuwa siku tatu tu ndani ya maisha marefu sana, na ukimtoa mkewe Julia kwenye hadithi humuelewi kabisa. Uzi ni mrefu, atakayechoka apumzike arudi baadae.

Tuanze alikotoka. Jina kamili Harold Gregory Moore, kazaliwa 13 Februari 1922 kwenye kamji kadogo kanaitwa Bardstown, jimbo la Kentucky, familia ya Kikatoliki, yeye ndo kifungua mimba, mzee wake alikuwa anauza bima. Toka mdogo ndoto yake ilikuwa moja tu, West Point, chuo cha maafisa wa jeshi. Sasa kule huingii kwa kufaulu mtihani peke yake, lazima mbunge akupendekeze na kila mbunge ana nafasi chache za kugawa. Dogo akaona akibaki Bardstown hatapata kitu, akiwa na miaka 17 akafunga virago akaenda Washington, akapata kibarua kwenye ghala la vitabu la Seneti, mchana anabeba vitabu usiku anasoma chuo kikuu, na akipata upenyo anagonga milango ya ofisi za wabunge. Mbunge wa kwao akaja kumpa nafasi kweli, lakini ya chuo cha wanamaji! Mwingine angeshukuru akaenda. Yeye akamfuata mbunge mwingine wa Georgia mwenye nafasi ya West Point, akamuomba wabadilishane na yule wa Kentucky, na wazee wale wakakubali. Ndo akaingia 1942.

Darasani aliteseka na hesabu, alimaliza Juni 1945 kwenye kundi la chini kabisa, na Ujerumani ilikuwa imeshasalimu amri mwezi mmoja nyuma. Akapelekwa Japani na jeshi lililokuwa linasimamia nchi baada ya vita, halafu 1948 akarudi Marekani, kambi ya Fort Bragg, kwenye kazi ambayo mimi hata kwa dau gani singeifanya, kujaribu miamvuli mipya ambayo bado haijathibitishwa kama inafanya kazi. Siku ya kwanza tu, Novemba 1948, mwamvuli ukanasa kwenye mkia wa ndege, ndege ikawa inamburuza angani huku ananing'inia mpaka akafanikiwa kujikata akaanguka na mwamvuli wa akiba. Na bado akaendelea kuruka miaka iliyofuata.

Hapo hapo Fort Bragg ndo kakutana na Julia Compton, wakafunga ndoa Novemba 1949. Huyu mama kazaliwa kambini, Fort Sill kule Oklahoma, 1929, mtoto pekee wa kanali. Akiwa binti mdogo alimsubiri baba yake arudi vita ya pili ya dunia, alipoolewa akamsubiri mume Korea na baadae Vietnam, na uzeeni akamsubiri mwanae aliyeenda Panama na vita ya Ghuba. Mtu mmoja, vita vya vizazi vitatu, na vyote kavipigania akiwa nyumbani! Walipata watoto watano, wawili wakafuata nyayo za baba jeshini.

1952 Moore akaenda Korea, akaongoza kombania ya mota kwenye vile vilima vilivyokuwa vinapiganiwa wiki nzima kwa ajili ya mita mia. Aliporudi wakampa kazi ya kufundisha mbinu za askari wa miguu West Point, na kati ya vijana aliowafundisha alikuwepo Norman Schwarzkopf, yule aliyekuja kuongoza vita ya Ghuba 1991, ambaye mwenyewe alisema Moore ndo alimfanya achague kuwa askari wa miguu.

Naenda kula, nikirudi naingia Vietnam.

#2 Mchangiaji

Siti ya mbele kabisa hapa mkuu. Mimi nilipita jeshini kidogo, naomba usiipite juu juu ile vita ya Ia Drang, zile siku tatu zake za Vietnam, na hasa elezea kwanini hawakufutika pale maana kwa hesabu ya karatasi walitakiwa wafutike wote.

#3 Mleta uzi

Mkuu hapo juu sawa, tushuke nayo.

Kwanza uelewe mwaka 1964 kumpeleka askari vitani kwa helikopta kikosi kizima kilikuwa kitu kipya, walikuwa wanakijaribu kambi ya Fort Benning, Georgia. Moore akiwa luteni kanali akakabidhiwa batalioni moja pale, baadae ikapewa jina la Batalioni ya Kwanza, Kikosi cha 7 cha Farasi. Wapenzi wa historia mnakijua, ndo kile cha Custer ambacho 1876 pale Little Bighorn Wahindi Wekundu walimuua yeye na askari wote aliokuwa nao. Moore alikuwa msomaji mkubwa wa historia, alikuwa anajua vizuri jina alilobeba linamaanisha nini, na alisoma pia jinsi Wafaransa walivyochinjwa 1954 kwenye nyanda hizo hizo za juu za Vietnam alizokuwa anaenda yeye.

Sasa mkuu ulichouliza jibu lake liko kwenye mazoezi ya Georgia. Katikati ya zoezi alikuwa anatangaza ghafla kiongozi fulani amekufa, toka, na anayefuata kwa cheo anatakiwa ashike hapo hapo bila kuuliza, halafu naye anatolewa anashika wa chini yake. Walifanya hivo miezi mingi mpaka kila mtu anajua kazi ya bosi wake. Hili kumbuka, linarudi.

Jumapili 14 Novemba 1965. Eneo lenyewe ni uwazi tu kwenye majani marefu na vichuguu chini ya mlima Chu Pong, karibu na mpaka wa Kambodia, wao wakaliita X-Ray. Ana helikopta 16 tu na watu kama 450, kwahiyo mkupuo mmoja unabeba watu kama 80 na kwenda na kurudi ni karibu nusu saa. Maana yake wa kwanza wakishuka wanakaa peke yao nusu saa nzima bila msaada. Na nani yuko kwenye helikopta ya kwanza? Moore mwenyewe, buti lake ndo lilikuwa la kwanza kukanyaga. Muda si mrefu wakamkamata askari mmoja wa Vietnam ya Kaskazini, wakamuuliza kupitia mkalimani, akawaambia mlimani kuna batalioni tatu na zinatamani sana kuua Wamarekani. Robo tatu ya watu wake bado wako kambini wanasubiri usafiri!

Platuni moja ya watu 29 ikamfukuza adui ikaenda mbali, ikazingirwa. Luteni akauawa, waliofuata wakauawa, uongozi ukamfikia sajini mmoja kijana anaitwa Ernie Savage, akalala chini akishika redio na kuielekeza mizinga ipige pembeni yao kabisa, usiku kucha, watu hawawezi hata kuinua kichwa. Waliokuwa hai alipochukua uongozi wote walitoka hai kesho yake. Mazoezi ya Georgia hayo wakuu.

Helikopta za kubeba majeruhi zikakataa kutua maana risasi zilikuwa nyingi, wakajitolea marubani wawili wa helikopta za kawaida, Bruce Crandall na Ed Freeman, wakawa wanaingia na risasi na maji wanatoka na majeruhi, mara baada ya mara mpaka usiku. Hawa walikuja kupewa medali ya juu kabisa ya Marekani, Freeman 2001 na Crandall 2007, yaani zaidi ya miaka thelathini baadae.

Siku ya pili asubuhi hali ikawa mbaya mno, adui yuko ndani ya mstari, ikatumwa ishara kwamba kikosi cha Kimarekani kinaelekea kuzidiwa kwahiyo kila ndege iliyo hewani Vietnam ya Kusini ije hapa. Zikaja, moja ikadondosha napalmu, yale mabomu ya moto, juu ya watu wao wenyewe. Mwandishi wa habari Joe Galloway, raia wa miaka 24 tu, alikuwa hapo na kamera, akakimbia kwenye moto akasaidia kumbeba askari mmoja aliyeungua. Yule kijana alikufa siku mbili baadae. Galloway na Moore wakawa ndugu mpaka mwisho wa maisha.

Na katikati ya haya makao makuu Saigon wakatuma ujumbe wanataka Moore apande helikopta aje kuwaelezea majenerali hali ikoje. Akakataa. Akasema haondoki wakati watu wake wanapigana, na alichukia sana kwamba hata wameomba. Tarehe 16 wakaanza kuondolewa, yeye akakagua mpaka akahakikisha kila aliyekufa na kila aliye hai amehesabiwa, akawa wa mwisho wa batalioni yake kupanda. Waliokufa X-Ray 79, majeruhi 121, aliyeachwa hakuna hata mmoja.

Kesho yake tarehe 17 batalioni jirani iliyokuja kumpokea ikiwa inatembea kwenda eneo jingine, wakaliita Albany, ikaingia kwenye mtego wa kuvizia ikapoteza zaidi ya watu 150 kwa mchana mmoja na usiku wake. Batalioni zote hizo familia zao ziko mji mmoja, Columbus, Georgia, nje ya geti la Fort Benning. Shikeni hilo.

#4 Mchangiaji

Wakuu naheshimu uzi lakini niulize, huyu alisafiri nusu ya dunia kwenda kuua watu kwenye nchi yao. Sisi wenyewe Tanzania tulifungua uhusiano na Hanoi Februari 1965, mwaka huo huo, Mwalimu alijua nani anaonewa. Leo tunakaa tunamlilia Mmarekani, je wale Wavietnam waliokufa mlimani hawakuwa na wake? Uzi mzima umewataja kama "adui" tu.

#5 Mleta uzi

Mkuu swali lako ni la haki na nashukuru umeliuliza mapema, maana ndo lilinifanya nimheshimu zaidi huyu mzee.

Ile vita mimi siitetei. Wavietnam walikuwa kwao. Pale X-Ray Wamarekani walihesabu miili ya wenzao ikafika 834, ripoti ikapelekwa kwa Moore, na yeye akaona namba imekuzwa, kila kombania inahesabu kwa jazba, akaikata mwenyewe ikawa 634. Wakati ule Marekani nzima ilikuwa inapima ushindi kwa idadi ya maiti, na kamanda aliyeshinda anapunguza namba yake mwenyewe! Na hata hiyo 634 ni watu wengi mno, vijana wa miaka 18 na 19 wametembea kwa miguu kutoka Kaskazini miezi miwili kupita misituni, na wengi mama zao hawakuwahi kujua wamelala wapi.

Moore alilijua hilo na halikumpa amani. Alipostaafu, yeye na Galloway wakaanza 1982 kutafuta kila mtu aliyekuwepo, na hawakuishia kwa Wamarekani. Miaka ya mwanzo ya 90 wakaenda Hanoi kabla hata nchi hizi mbili hazijarudisha ubalozi, wakakaa na Jenerali Giap, yule aliyewashinda Wafaransa Dien Bien Phu. Kwenye mazungumzo Moore akavua saa yake ya mkononi, saa ya kawaida tu, akampa Giap kama zawadi ya askari kwa askari, mzee wa watu akaishika kwa mikono miwili halafu akamkumbatia.

Akampata pia Nguyen Huu An, kamanda aliyekuwa upande wa pili wa Ia Drang. Wakakaa na ramani mezani wanaulizana, hapa ulikuwa wapi, kwanini ulipita kushoto. Mwaka 1993 wakarudi wote wawili X-Ray na wazee wengine wa pande zote, kwa helikopta ya Kirusi. Wakasimama duara wameshikana mabega wakaomba kwa ajili ya wote waliokufa pale, bila kubagua. Hali ya hewa ikaharibika, helikopta ikashindwa kurudi kuchukua kundi la Moore, wakalala pale pale porini usiku kucha, safari hii hakuna anayempiga risasi mwenzake. An alifariki 1995, na Moore alipofika tena Hanoi alienda nyumbani kwake kutoa pole kwa familia.

Kwahiyo mkuu nikiandika "adui" naandika walivyoitana siku ile. Wenyewe waliacha kuitana hivo kabla yetu.

#6 Mchangiaji

Mleta uzi mimi ni mke wa mwanajeshi, nimesoma kimya kimya toka mwanzo. Umesema tushike Columbus, nimeshika, sasa tuelezee Julia. Ile sinema nilipofika kwenye teksi nilizima nikaenda chumbani, ilibidi mume wangu amalizie mwenyewe.

#7 Mleta uzi

Dada pole na asante. Huyu ndo sababu ya uzi.

Novemba 1965 jeshi la Marekani lilikuwa halijajiandaa kabisa kwa watu wengi kufa kwa mkupuo. Utaratibu wao ilikuwa telegramu. Makao makuu wanaituma kupitia kampuni ya telegramu, kampuni inaifikisha Columbus, na pale Columbus wakawa wanawapa madereva teksi wazisambaze majumbani kama vifurushi! Dereva hajafundishwa chochote, kapewa bahasha na anwani, anagonga mlango saa yoyote hata usiku wa manane, anafungua mwanamke wa miaka ishirini na kitu ana mtoto kiunoni na mwingine kashika gauni, anapewa karatasi inaanza kwa kusema waziri anasikitika kukujulisha, dereva anageuka anaondoka. Basi. Ndo mume kafa hivo.

Kumbukeni kulikuwa hakuna hata kikundi cha kusaidiana cha wake wa maafisa kwa jambo kama hili, na wengi walikuwa wamehamishwa nyumba za kambi maana waume wameshaondoka, wakapanga nyumba na matrela uswahilini kwa watu wasiowajua. Teksi ikiingia mtaani kila mwanamke anachungulia dirishani anaomba ipite. Fikiria unaomba ipite kwako, maana yake unaomba isimame kwa jirani. Wengi walikuja kusema baadae hiyo dhambi iliwatafuna miaka.

Siku moja teksi ikasimama kwa Julia. Mumewe ndo kamanda wa batalioni, yuko hapo kwenye mapigano, magazeti yameshaandika. Kengele ikalia. Alipofungua dereva akamwambia samahani mama naulizia njia, kuna nyumba siioni. Alikuwa anatafuta mjane mwingine.

Mwingine angejifungia ndani akamshukuru Mungu, na nani angemlaumu? Yeye akaanza kuzifuata hizo teksi. Akipata habari telegramu imeenda wapi anaenda, anakaa na mjane, anabeba watoto, anapika, analia naye. Miili ilipoanza kufika akahudhuria mazishi ya kila askari wa mumewe aliyezikwa makaburi ya Fort Benning. Huku nyumbani kwake ana watoto watano, na huyo mume wa kwake bado yuko vitani, kila anapoenda msibani hajui akirudi atakuta nini mlangoni.

Halafu akageukia wakubwa. Aliwaandama kwa malalamiko mpaka yakafika Pentagon, na ndani ya wiki chache tu utaratibu ukabadilika, kuanzia hapo taarifa ya kifo ikawa inapelekwa na afisa mwenye sare pamoja na padri wa jeshi, wanakuja wawili, wanaingia, wanakaa. Leo kila sinema ya Kimarekani ukiona wale wawili wenye sare wanashuka kwenye gari, hiyo ni kazi ya Julia Moore. Bunduki hajashika, cheo hana, mshahara wa jeshi hapati.

Mimi nimekulia kota za jeshi, najua kidogo ninachoongea. Waume wakiwa operesheni kota inabadilika, akina mama wanaanza kulala milango karibu karibu, mmoja akipika anapika sufuria kubwa, na gari ngeni ikiingia getini mchana wanaacha kufua wanasimama. Hakuna aliyewapangia, hakuna aliyewaandikia kwenye faili. Nilikuja kumsoma Julia nikiwa mtu mzima nikawaona wale mama wote, na niliumia kwamba wetu hatuna hata ukurasa mmoja unaowataja.

#8 Mchangiaji

Dah. Mama yangu alikuwa kota wakati wa vita ya Kagera, anasema habari ya mume wa jirani yao ililetwa na mtu tu aliyeshuka kwenye lori, kaisema barabarani watu wanasikia. Mpaka leo akikumbuka anashika kichwa. Mkuu malizia, baada ya Vietnam mzee aliishije na familia?

#9 Mleta uzi

Pole sana kwa mama, mkuu. Mwambie tumemsoma hapa.

Nitapita haraka kwenye vyeo maana vimo kila mahali. Alipewa medali ya pili kwa ukubwa, akawa kanali akaongoza brigedi hapo hapo Vietnam. 1970 akiwa jenerali huko Korea akakabidhiwa Divisheni ya 7, kambi imejaa dawa za kulevya na askari weusi na weupe wanapigana. Akakaa nao, akawabana maafisa, akatoa amri kwamba kiongozi atakayebagua kwa rangi atawajibika, kambi ikatulia. Baadae akashika mambo ya utumishi wa jeshi zima pale Pentagon wakati ambao hakuna kijana wa Kimarekani anayetaka kusikia neno jeshi. Akastaafu 1 Agosti 1977, miaka 32 ya utumishi.

Na akaenda wapi? Kwenye theluji! Alikuwa anapenda mno mchezo wa kuteleza milimani, akachukua kazi ya uongozi kwenye kituo cha mchezo huo Crested Butte, Colorado, akawa anateleza na watoto na wajukuu, baadae wakawa wanaishi pia Auburn, Alabama. Kwa mtu aliyekuwa anahamisha familia nzima kila baada ya muda mfupi, angalau sasa walikuwa na mahali pa kutulia.

Lakini Ia Drang haikustaafu. Miaka kumi, kuanzia 1982, nyumba ikawa ofisi ya utafiti, barua na simu kwa kila aliyenusurika na kwa familia za waliokufa. Wengi wa wale wajane na watoto hawakuwahi kuambiwa mtu wao alikufaje, walikuwa na ile karatasi ya teksi tu. Moore na Galloway wakawa wanawaambia, alikuwa upande huu, alikuwa na fulani, hakuwa peke yake. Kitabu kikatoka 1992 na kimeorodhesha majina ya waliokufa wote, 305, wa kampeni nzima ya Pleiku, yaani mapigano yote ya eneo lile, na si wa batalioni yake tu. Watoto waliokuwa tumboni 1965 wakaanza kumpigia simu mzee wa watu kumuuliza baba alikuwa anacheka vipi. Na alikuwa anajibu. Mimi naona hapo ndo alikuwa kamanda kuliko hata siku ile ya X-Ray, maana pale alikuwa na mizinga na ndege, hapa ana simu ya mezani na mtoto analia upande wa pili.

Julia alifariki 18 Aprili 2004. Moore akamzika Fort Benning, karibu na wazazi wa Julia na karibu na makaburi ya askari wa batalioni, wale wale aliohudhuria mazishi yao 1965. Mwaka uliofuata ikaanzishwa tuzo kwa jina lake, wanapewa wake na waume wa wanajeshi ambao ni raia. Moore kwa cheo chake angeweza kulala Arlington na marais, lakini alishaamua mapema atalala na mkewe na vijana wake. Alifariki 10 Februari, siku hiyo hiyo aliyozaliwa Julia.

#10 Mchangiaji

Mkuu si kuna kambi walipewa jina lao? Nilisikia halafu nikasikia tena imefutwa, imekaaje?

#11 Mleta uzi

Iko hivi. Fort Benning yenyewe ilikuwa na jina la Henry Benning, jenerali wa majimbo ya Kusini aliyepigana na Marekani ili utumwa ubaki. Tarehe 11 Mei 2023 ikabadilishwa ikawa Fort Moore, na waliandika wazi kwamba ni kwa heshima ya wote wawili, Hal na Julia. Ndo kambi pekee ya jeshi lao iliyowahi kupewa jina la mume na mke. Mwanamke aliyekuwa anafuata teksi kwenye mitaa ya Columbus, jina lake likaandikwa kwenye geti la kambi ile ile! Nilipoisoma hiyo habari nilifurahi kama ni ndugu yangu.

Machi 2025 serikali mpya ikarudisha Fort Benning, wakasema safari hii ni Benning mwingine, Fred Benning, koplo aliyepata medali vita ya kwanza ya dunia. Huyo koplo sina neno naye, alipigana kiume na anastahili heshima yake. Lakini walitafuta mtu mwenye jina linalofanana ili jina la zamani lirudi, na waliotolewa ni Hal na Julia, na mimi nasema waziwazi hilo ni kosa kubwa na limeniuma. Kambi zenye majina ya majenerali ni nyingi duniani. Yenye jina la mke wa askari ilikuwa moja.

#12 Mchangiaji

Nilieuliza kuhusu "adui" ni mimi. Nimesoma mpaka mwisho. Mimi marehemu babu alikuwa KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza, akaenda Burma, bibi alikaa miaka bila barua, na hatujui hata tarehe aliyorudi. Nimempigia mama saa hizi tumeongea lisaa.

#13 Mleta uzi

Mkuu andika hiyo, tafadhali. Alichokumbuka mama, hata kama ni vipande, nani alimletea bibi habari, alikuwa analima nini, watoto alikuwa nao wangapi. Na dada mke wa mwanajeshi, na wewe wa vita ya Kagera, na yoyote aliyekulia kota, iwe Lugalo, Ngerengere, Monduli, Nachingwea au kokote, shusheni hapa hapa, majina ya watu mnaweza kuacha. Nikitoka kazini kesho nitazipanga zote kwenye posti moja tuwe na pa kuanzia.